Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya TEHAMA: msizuie VLC hosteli, fungeni antena

Moshi

Kwako Mkuu wa Idara ya TEHAMA,
Nakala: Mshauri wa Wanafunzi

Heshima yako mbele.

Tangazo lililobandikwa hosteli linasema kutazama televisheni kwa VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, kutazuiwa kwa kuwa kunameza intaneti ya chuo. Kwamba intaneti inazidiwa jioni, hatubishi. Tunabisha dawa.

Chukua saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari. Vyumba 40 vikifungua chaneli moja kupitia intaneti, kila chumba kinavuta nakala yake. Kwa picha ya Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde), hizo ni Mbps 80 kwenye laini ya nje, kwa ajili ya habari ambayo muda huohuo inapita hewani juu ya paa la hosteli. Mkizuia VLC watahamia kwenye kivinjari, na mzigo utabaki palepale.

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa, Arusha na Moshi zikiwa miongoni mwa miji ya mwanzo mwaka 2013, chaneli kadhaa husafiri pamoja kwenye masafa mamoja. Kipokeo kimoja cha DVB-T2, mfumo wa televisheni ya kidijitali ya antena, kikichomekwa kwenye kompyuta hukamata masafa yote hayo kwa mkupuo, pamoja na chaneli zote zilizomo. Masafa mawili, vipokeo viwili. Kinachohitajika ni antena ya UHF juu ya paa, waya wa antena wa RG6 usiounganishwa-unganishwa njiani, kompyuta ndogo yenye mfumo endeshi wa Linux, na programu ya bure ya MuMuDVB. Programu hiyo huipa kila chaneli anwani yake ya multikasti (nakala moja inayopokelewa na wengi kwa pamoja), zile zinazoanza na 239, na kuirusha kwenye mtandao wa ndani. Watazamaji wawe 4 au 400, kwenye waya mkuu kila chaneli inapita mara moja tu. Laini ya intaneti haiguswi.

Kabla ya kununua chochote, king'amuzi cha kawaida kipandishwe paani kikaguliwe ni chaneli zipi zinaonekana bila kulipia. Zilizofungwa hazitafunguka kwenye kompyuta, na wala hatuziombi. Mechi za Ligi Kuu zinazoonyeshwa na Azam zibaki kwenye king'amuzi cha ukumbini kilicholipiwa. Kuchukua chaneli ya kulipia na kuigawa vyumbani ni kuvunja sheria. Hata kwa chaneli za bure chuo kiandikie vituo kuomba kibali, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiishii kwenye vitabu.

Mtandao wa namna hii unafia kwenye swichi, kile kifaa kinachogawa waya wa mtandao vyumbani. Swichi isiyowashwa IGMP snooping, kipengele cha kutambua ni tundu lipi limeomba chaneli ipi, hutupa kila chaneli kwenye kila tundu, liwe na mtazamaji au lisiwe naye. Chaneli 10 za Mbps 2 ni Mbps 20 zinazomiminwa hadi kwenye chumba cha mtu aliyelala. Fundi akiiwasha na kuondoka, linazuka tatizo la pili ambalo huwachanganya wengi: picha inakuja safi, inakaa dakika nne na ushei, inaganda. Ukifunga na kufungua upya inarudi, kisha inaganda tena. Hapo antena haina kosa. Swichi inangoja kusikia nani bado anatazama, na hakuna kifaa kinachouliza. Kwa mpangilio wa kawaida, baada ya sekunde 260 inamfuta kila mtu. Dawa ni kuteua swichi moja iwe muulizaji, kile kipengele ambacho kwenye menyu huandikwa querier. Moja inatosha.

Wi-Fi ni shauri jingine, na hapa tunakubaliana na wahandisi wenu. Multikasti hewani haina uthibitisho wa kupokelewa, na hurushwa kwa kasi ya chini kabisa: mara nyingi Mbps 1 kwenye 2.4 GHz, 6 kwenye 5 GHz. Chaneli ya Mbps 2 haipiti kwenye mlango wa Mbps 1, na ikijaribu inaangusha na wengine wote wa korido hiyo. Kwa hiyo multikasti izuiwe kuingia kwenye vifaa vya Wi-Fi, isipokuwa vile vinavyoweza kuigeuza kuwa nakala ya mtu mmoja mmoja. Wenye simu wapewe njia ya HTTP, ileile inayofungua kurasa za wavuti, kutoka kompyuta ileile, na idadi yao kwa wakati mmoja iwekewe kikomo.

Chumbani kazi ni ndogo. Chomeka waya, zima Wi-Fi ya laptopu (isipozimwa, VLC inaweza kuomba chaneli kupitia njia isiyo yake na kuambulia giza). Fungua VLC, bonyeza Ctrl na N, andika kwa mfano rtp://@239.100.0.1:1234, cheza. Alama ya @ isisahaulike. Kioo kikibaki cheusi bila ujumbe wowote wa kosa, mara nyingi ni ulinzi wa Windows: mtandao umetambuliwa kama wa hadharani na VLC haikuruhusiwa kupokea. Picha ikikatakata, kwenye dirisha hilohilo onyesha machaguo zaidi, pandisha akiba (muda wa video unaohifadhiwa kabla ya kuchezwa) kutoka milisekunde 1000 hadi 3000. Utachelewa sekunde mbili kusikia goli. Jirani mwenye redio atakuwahi kushangilia. Ili watu wasiandike anwani kwa mkono, faili moja la M3U, yaani orodha ambayo VLC huifungua, lenye chaneli zote liwekwe kwenye tovuti ya ndani ya chuo.

Umeme ukikatika, UPS (betri ya dharura) ya kompyuta peke yake haisaidii kitu kama swichi ya ghorofa imezima. Zote mbili ziwe kwenye UPS.

Tunaomba mambo mawili. Tangazo lisitishwe kwanza, na turuhusiwe kufunga antena na kipokeo kimoja kwa bweni moja, vyumba vyenye waya tu. Wahandisi wenu wapime laini ya nje saa mbili usiku kabla ya kufunga, na waipime tena baada ya kufunga. Tuna uhakika wa upande wa waya. Wa Wi-Fi tutaugusa mkisharidhika na vipimo hivyo.

Ni sisi,
Wanafunzi wa TEHAMA na mafundi mitandao wa hosteli