Barua kwa Baba: makoloni sita yalivyokuwa nchi moja

Albury, Australia

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na tunamwombea Mama mguu upone haraka.

Uliniuliza kwenye simu nchi hii iliunganaje. Wewe uliyehamisha shehena pale Kidatu, reli ya TRC inapokutana na TAZARA kwa upana tofauti, utaelewa upesi. Koloni la Waingereza la New South Wales lilijenga reli ya upana wa milimita 1435, koloni jirani la Victoria ya 1600. Basi abiria wa Sydney aendaye Melbourne alishushwa hapa Albury na mizigo yake, hata usiku wa baridi, akapanda treni nyingine. Juu ya hayo, mto Murray, mpaka wa makoloni hayo mawili, ulikuwa na maofisa wa forodha. Bidhaa ikivuka daraja ilitozwa ushuru kama inaingia ugenini, ilhali watu wa ng'ambo zote mbili walikuwa wakioana na kuzikana.

Mzee Henry Parkes, waziri mkuu wa New South Wales, alikuwa ameupigania muungano tangu 1889, lakini wanasiasa wakawa wanazungushana. Waliokwamua mambo ni watu wa mpakani. Mwaka 1893 walikutana Corowa, si mbali na hapa, na mwanasheria John Quick akatoa hoja kwamba wananchi wachague wajumbe wa kuandika katiba, kisha waipigie kura wenyewe. Baba, hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mwaka 1898 huko New South Wales kura za ndiyo kwa katiba hiyo zilikuwa 71,595 na za hapana 66,228, lakini sheria ilitaka ndiyo zifike 80,000. Wakarudi mezani, wakarekebisha, wakapiga kura tena 1899. Western Australia ilikubali mwisho kabisa, Julai 1900, na tarehe 1 Januari 1901 Australia ikatangazwa nchi moja.

Kinachoniuma ni wenye ardhi. Huku kwetu ni Wawiradjuri. Katiba ile ile iliagiza Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, wasijumuishwe katika hesabu ya watu wa nchi, na kifungu hicho kilifutwa 1967 tu, kwa kura za ndiyo zaidi ya asilimia 90. Na bunge jipya, mwaka wake wa kwanza, lilitunga sheria ya kuwazuia wasio weupe kuingia. Mimi na wanao hawa tungerudishwa bandarini.

Siku hizi treni ya Sydney hufika Melbourne bila kubadilisha, tangu 1962. Ukija tutaipanda pamoja. Niandikie basi: pale Kidatu mlihamishaje makontena, na ilichukua muda gani treni moja kumalizika?

Mwanao,
Rehema