Barua kwa Zawadi kuhusu ile sura ya tatu

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi, za huko Mwanza? Barua yako nimeipata, nikacheka peke yangu uliposema msimamizi wako amejaza neno "chanzo?" pembeni mwa sura ya tatu nzima ya tasnifu yako, ile ya mbinu za utafiti, kama mtu anayetafuta ugomvi. Shoga, hana ugomvi na wewe. Umeandika "sampuli za choo zilipimwa kwa njia ya Kato-Katz", ukaweka nukta ukaendelea na safari. Hata mimi ningekuuliza.

Njia hiyo ya kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo kwa darubini ina wenyewe. Kato na Miura waliieleza Japani mwaka 1954, kisha Katz, Chaves na Pellegrino wa Brazil wakaifanya mwaka 1972 iwe kipimo cha kuhesabia mayai ya kichocho cha tumbo. Ukiwataja, kwanza umewapa haki yao. Pili, umepunguziwa kazi ya kusimulia upya namna ya kuchuja choo, kujaza tundu la templeti (kile kibao cha kupimia kiasi cha choo) na kugandamiza selofeni iliyolowekwa gliserini. Anayetaka undani atawafuata wao. Tatu, na hili ndilo mtahini analolitafuta, ataona kwamba unatumia kitu kilichokwisha kujaribiwa na wengine. Ndiyo maana makala za mbinu hutajwa mara nyingi kuliko hata ugunduzi mkubwa. Ile ya Lowry na wenzake ya 1951, ya kupima protini tu, hadi 2014 ilikuwa imetajwa zaidi ya mara 305,000, na Lowry mwenyewe hakuiona kuwa kazi yake bora!

Sasa usije ukaandika "Katz na wenzake (1972)" ukadhani umemaliza. Rejea inasema njia umeitoa wapi, haisemi wewe ulifanya nini. Chukua templeti. Ile ya miligramu 41.7, mayai unayazidisha mara 24 kupata idadi kwa gramu moja ya choo. Ya miligramu 50, unazidisha mara 20. Mtoto mwenye mayai 17 kwenye slaidi anapata 408 kwa templeti ya kwanza, 340 kwa ya pili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), kuanzia mayai 400 kwa gramu ni maambukizi makali; chini ya hapo, hadi 100, ni ya wastani. Mayai ni yale yale 17, lakini mtoto kahama kundi. Kwa hiyo taja templeti, taja slaidi ngapi kwa kila mtoto, na kama mlihesabu pia mayai ya minyoo ya safura, sema slaidi zilisomwa baada ya muda gani, maana mayai ya safura yakikaa kwenye gliserini zaidi ya saa moja hivi huanza kutoweka. Na kama kuna kitu mlikibadilisha kwa sababu ya mazingira ya visiwani, kiandike hivyo hivyo, usikifiche nyuma ya jina la Katz.

Halafu idadi ya sampuli. Umeandika kanuni ya Yamane (1967) ya kukokotoa sampuli, sawa, kila mtu huku anamwandika. Ila jedwali ulilobandika ni la Krejcie na Morgan (1970)! Kwa wanafunzi 1,000, Yamane anakupa 286, wale wengine 278, kwa kuwa Yamane amekadiria 1.96, ile namba ya uhakika wa asilimia 95, kuwa 2. Chagua mmoja. Nina wasiwasi rejea hizo umezinyofoa kwenye tasnifu ya mtu aliyezinyofoa kwa mwingine. Nenda maktaba ukaisome makala yenyewe. Usipoipata, andika kwamba umemkuta Yamane ndani ya kitabu cha fulani. Hiyo inakubalika, hakuna atakayekucheka.

Maelezo ya darubini na mizani yapunguze, hayo hayana haja ya rejea.

Ukisharekebisha nitumie hiyo sura kabla hujamrudishia msimamizi, nitaipitia Jumamosi. Na hao watoto mliowakuta na kichocho, dawa yake, prazikwanteli, wameshapata au mnasubiri kampeni ya shule? Msalimie mama.

Wako,
Rehema