Nyoosha mkono, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Jana uliponipigia saa nane usiku ukilia, nilijua ni jino. Maumivu yanayozidi ukilala, yakapoa kidogo ukisukutua maji baridi, nayajua. Mwaka juzi yalinikesha siku nne mfululizo. Kwa hiyo niamini, mama: hayo unayoyasikia sasa ndiyo mabaya kuliko yote. Kusafishwa mzizi wa jino, kama utakavyofanyiwa, hakuyafikii.

Sindano ya ganzi inauma, sitakuficha. Moyo unaweza kwenda mbio dakika chache kwa sababu ya adrenalini iliyomo, usiogope, utatulia. Ila gego la chini, tena lililowaka ndani kama lako, mara nyingine ganzi haishiki sawasawa. Mimi nusu ya mdomo ilikuwa imekufa, kidevu na ulimi sivisikii, lakini daktari alipogusa kiini cha jino niliruka kwenye kiti. Nikanyamaza, nikidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Nilikosea. Alipoona machozi yananitoka alisimama, akachoma sindano nyingine ndani ya jino lenyewe. Ile ilichoma kama moto. Nikahesabu moja mpaka tano hivi, kisha kimya. Basi wewe usivumilie. Kubaliana naye kabla hajaanza: nikinyoosha mkono wa kushoto, acha.

Kilichobaki ni taya kuchoka kwa kukaa umeachama karibu saa nzima, na harufu ya jiki, maana dawa ya kuoshea mizizi ni ya ukoo huo huo.

Usile mpaka ganzi iishe, utajing'ata shavu. Ikishaisha, jino litauma ukitafunia, kama mahali palipochubuka. Siku mbili za kwanza ndizo nzito, kisha yanapungua. Ibuprofeni husaidia sana, lakini wewe na vidonda vyako vya tumbo, hapana; meza parasetamoli, na mwambie daktari habari ya tumbo. Uvimbe ukiongezeka au ukipata homa, rudi kwake. Ukishindwa kumeza, nenda hospitali hata kama ni usiku.

Wakikushauri kung'oa kwa kuwa ni rahisi, nipigie kwanza. Gego langu la kulia nililing'oa nikiwa na umri wako, kwa woga, na mpaka leo nyama naitafunia upande mmoja.

Hela nimetuma kwenye simu. Miadi ni saa ngapi? Siku hiyo sitoki nyumbani, simu nitakuwa nayo mkononi.

Mama yako