Usilipe kwanza tiketi ya tarehe 20 Mei

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Barua yako niliipata juzi jioni, nikaisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni. Nimefurahi mno kusikia safari imeiva: maonyesho ya biashara Ujerumani, kisha wale wauzaji wa mashine Italia, kisha mapumziko ambayo umekuwa ukiyaahirisha miaka nenda rudi. Lakini kuna mahali uliposema, "Viza sihitaji, kwa hiyo nakaa siku zangu 60 bila wasiwasi." Hapo usingizi ulinipaa. Kama hujalipia tiketi, nakuomba usubiri mpaka umalize kusoma barua hii.

Ni kweli pasipoti yako inakuruhusu kuingia bila viza. Ila ruhusa hiyo imepimwa kwa siku, na wewe nyingine umeshazitumia. Kanuni ya nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, Ujerumani na Italia zikiwemo, ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Liangalie vizuri hilo neno "zozote". Siku 180 hazianzi Januari, wala hazianzi siku unayoingia. Kila siku unayokuwa ndani, hesabu inaanzia siku hiyo na kurudi nyuma mpaka zitimie 180, kisha inaulizwa: humo ulikaa siku ngapi? Siku ya kuingia inahesabiwa siku nzima hata kama ndege imetua saa tano usiku, na siku ya kutoka vivyo hivyo, hata ukiondoka alfajiri.

Jana nilikaa mezani na kalenda ya 2026 na penseli. Ulikuwa huko kuanzia tarehe 10 Januari hadi 28 Februari. Siku 22 za Januari na 28 za Februari, jumla 50. Ukiingia tena tarehe 20 Mei, umebakiwa na siku 40 tu, nazo zinaisha tarehe 28 Juni. Kesho yake unakuwa na siku 91, na ukiendelea mpaka 18 Julai kama ulivyopanga, utakuwa umefika 100, hata baada ya siku 10 za mwanzo za Januari kutoka nje ya zile 180. Hapo kuna faini, kuna kuzuiwa kuingia kwa muda, na kumbukumbu itakayokusubiri kila ukirudi. Usitegemee kwamba muhuri umefifia au afisa hatafunua kurasa. Tangu Oktoba 2025 wameanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaochukua alama za vidole na picha ya uso, na kompyuta inahesabu yenyewe.

Sasa sikiliza habari njema. Niliisogeza penseli mbele siku 10. Ukiingia tarehe 30 Mei, siku zako 40 zinakufikisha 8 Julai. Tarehe 9 Julai, ile siku yako ya kwanza ya Januari inatoka nje ya zile 180, unapata nafasi moja. Tarehe 10 inatoka 11 Januari, unapata nyingine. Siku moja mpya ikiingia, moja ya zamani inaipisha. Unafika tarehe 28 Julai ukiwa na siku zako 60 kamili, na hesabu inasoma 90, haijazidi hata moja. Nimeirudia mara tatu. Hata ndege ya kurudi ikiahirishwa siku mbili hutaharibikiwa, kwa sababu siku za mwisho za Januari nazo zinaendelea kutoka moja moja. Lakini usiwahi hata kwa siku moja: ukiingia 29 Mei, tarehe 8 Julai itakukuta na 91. Usiniamini mimi peke yangu katika jambo kubwa hivi. Tume ya Ulaya imeweka kikokotoo cha siku hizi mtandaoni, ingiza tarehe zako uone.

Umeandika pia kwamba ikibidi utavuka kwenda Uswisi siku tatu "ili hesabu ianze upya." Ndugu yangu, aliyekwambia hivyo amekupoteza. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo ndani ya Schengen, pamoja na Norway na Iceland. Nchi zote 29 zinahesabiwa kama nchi moja. Kinyume chake, Ireland na Cyprus zimo katika Umoja wa Ulaya lakini siku za huko haziingii kwenye hesabu hii. Basi ungetoka kwenda London je? Siku utakazokaa London hazitahesabiwa, hilo ni kweli, ila zile ulizokwisha kutumia zinabaki pale pale. Kutoka hakufuti kitu. Marekani ni wakali zaidi hapo: wanaoingia kwa mpango wao wa msamaha wa viza wanapewa siku 90, haziongezwi, na ukienda Kanada au Meksiko kwa muda mfupi ukarudi, kwa kawaida siku za kule nazo zinahesabiwa ndani ya 90 zile zile. Uingereza wao hutoa mpaka miezi 6 kwa mgeni, ila anayekwenda na kurudi mfululizo huulizwa kama kweli anatembea au amehamia.

Jambo la pili limenitia hofu kuliko hata siku. Kutembelea maonyesho, kukaa kikao, kukagua mashine, kujadili bei na kusaini mkataba, hayo ndiyo mambo ya mgeni wa biashara na hayana tatizo. Lakini umesema mwenyeji wako amekuomba usimame kwenye banda lake wiki mbili uhudumie wateja, na atakulipa. Mimi naiona hiyo ni kazi, hata akiiita posho. Siku 90 ni za pamoja, lakini sheria za kazi kila nchi ina zake, na nchi inaweza kumdai viza mtu anayekuja kulipwa ingawa kama mtalii asingeihitaji. Mwambie mwenyeji aulize mamlaka ya uhamiaji ya kwao, nawe uandikie ubalozi, mpate jibu la maandishi. Lisipokuja, likatae banda.

Nakueleza hivi kwa kuwa neno hilo la "kazi" liliwahi kunifunga. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda nchi moja kwa mkutano wa siku nne. Afisa akaniuliza nimekuja kufanya nini. Kwa Kiswahili tunasema tu "safari ya kikazi", basi nami nikalitafsiri kama lilivyo: nimekuja kufanya kazi. Mkono wake ulikuwa umeshainua muhuri. Ukasimama hewani, halafu akauweka mezani taratibu, pembeni ya pasipoti yangu. Nilikaa chumba cha pembeni saa tatu nzima, mpaka walipompata kwa simu aliyenialika. Barua ya mwaliko nilikuwa nayo, lakini ilikuwa kwenye begi kubwa, na begi lilikuwa likizunguka peke yake kule ndani.

Kwa hiyo ukiulizwa, sema "maonyesho ya biashara na vikao, halafu mapumziko," na uwe na mialiko mkononi, tiketi ya kurudi, mahali utakapolala na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Kutohitaji viza hakumlazimishi afisa kukufungulia. Ana haki ya kuuliza, na akiona majibu hayashikamani anaweza kukurudisha na ndege uliyokuja nayo.

Pasipoti nayo itazame leo. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 kabla ya siku unayoingia, na iwe hai angalau miezi 3 baada ya kutoka. Ukiondoka 28 Julai, isiishe kabla ya 28 Oktoba.

Nijibu mapema kuhusu lile banda, maana hilo ndilo linalonisumbua. Na ukibadilisha tarehe yoyote, hata moja, niandikie kabla ya kulipa nikae tena na kalenda. Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
rafiki yako wa siku zote