Dada, zile nakala hazikuwa karatasi chakavu

Dada yangu,

Simu zangu hupokei, na kila ninayemtuma anarudi na salamu tu. Basi nakuandikia hapa.

Siku ya arobaini ya Mama nilirudi kutoka Dar nikamkuta mtoto wa jirani barazani anakula karanga. Ile karatasi iliyosokotwa niliijua kabla sijaisoma. Ukurasa wa 33 wa kitabu chetu, beti alizokuwa Mama akizighani jikoni nasi tukaziandika kwa kumsikiliza. Mafuta yalikuwa yamepenya, herufi za nyuma zinaonekana mbele. Nilimwomba anipe. Akamimina karanga kiganjani, akanipa. Ninayo mpaka leo.

Nakala 140, Dada. Uliziuza kwa kilo.

Wageni walihitaji chumba, sawa. Na bangili yako ndiyo iliyolipia pleti, yale mabati ya kuchapia, sijasahau. Wala ule usiku tuliokesha mkekani tukikunja, wewe ukibana mikunjo kwa mgongo wa kijiko cha wali. Kurasa 96, mafungu sita ya kurasa 16, hukukosea hata moja.

Lakini nilipochapa nakala 500, mbele ya wajomba uliniuliza: kwani una wasomaji 500? Nilinyamaza. Pleti gharama yake ni ileile, uchape 100 au 1,000. Ukichapa chache, kila nakala inakuwa ghali, mwalimu wa Muheza ataigusa tu na kuirudisha. Maduka nayo huchukua mali kauli, hulipa yakishauza. Ndiyo maana maboksi yalikaa. Mji wetu huu wa Tanga ulichapa gazeti la Kiongozi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Shaaban Robert kazaliwa hapo Machui. Leo mzee wa Pangani mwenye utenzi wake aupeleke Dar ndipo uwe kitabu?

Binti yako anaandika, nimeliona daftari lake. Usimwambie vitabu havilishi. Mwambie aanze kidogo, asikope kwa riba, hela ya karatasi asiichanganye na ya chakula. Mimi sikuchanganya kamwe. Ile ya rambirambi niliichukua kwa sababu mchapaji alikuwa amezuia kazi, na niliirudisha yote wiki ya pili. Muulize mjomba. Ulipaswa kuniuliza mimi kwanza.

Zimebaki nakala 11. Moja nimeiacha kwa yule fundi cherehani wetu wa Barabara ya 8. Jina la Mama liko ukurasa wa pili, na lako chini yake. Ukipita, ichukue.