Kiwanja cha Miritini

Liverpool

Ami, shikamoo.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. "Mombasa imekwisha, wenye akili wako Nairobi." Na nasikia dalali ameshapelekwa Miritini akakihesabu kiwanja hatua kwa hatua. Mimi mtoto wako siwezi kukukataza, lakini nisikize kabla hujatia sahihi.

Mzee ninayemhudumia hapa alikuwa kuli bandarini, kama babu. Ukutani ametundika kulabu ya chuma, mpini wake wa mbao umelainika kwa jasho la kiganja. Asema meli moja ilikaa gatini wiki nzima, na wiki nzima watu walikula: kuli, karani, mwenye mkahawa, mshona viatu. Likaja kontena, meli ikawa yamalizwa kwa siku moja mbili na watu wachache. Uingereza ilipoingia soko la pamoja la Ulaya mwaka 1973, biashara nyingi ikageukia bandari za mashariki, na Liverpool iko magharibi, imewapa kisogo wateja. Albert Dock, gati kongwe la hapa lililofunguliwa 1846, ilikuwa imeshafungwa 1972. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 800,000 mwaka 1931 ulibaki na takriban 440,000 mwaka 2001.

Sasa sisi. Wa Nairobi hawatushindi akili, Ami. Makao makuu ya serikali ya kikoloni yalikuwa kwetu mpaka 1905. Yalipohama, ofisi zikafuata, benki zikafuata ofisi, na kijana mwenye cheti akafuata benki. Kisha mwaka 1965 serikali ikatoa waraka wake Nambari 10: pesa za maendeleo ziwekwe penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ndipo zitakapozaa haraka, wengine watafikiwa na faida baadaye. Kinango kwa kina bibi, penye mvua ya kubahatisha, hiyo baadaye wanaingoja mpaka leo.

Mwaka huohuo mchumi Mmarekani Jeffrey Williamson aliandika kwamba nchi ikianza kukua, pengo kati ya mikoa hupanuka kwanza, kisha hupungua. Hupungua, lakini kwa mwendo wa kobe. Wachumi wengine, Barro na Sala-i-Martin, walipopima majimbo ya Marekani walikuta pengo lapungua kama asilimia 2 kwa mwaka. Piga hesabu: kuziba nusu ya pengo ni miaka 35. Na hukohuko, tangu miaka ya 1980 kasi imelegea. Miji yenye kazi nzuri nyumba hazishikiki, mnyonge atahamia wapi?

Kwa hiyo sikwambii ukae ungoje mambo yajinyooshe. Lori zako zililazwa na amri ya serikali, kwamba mizigo iende kwa treni. Kontena la Nairobi likipandishwa treni kutoka gatini na kwenda kufunguliwa Embakasi, hukohuko Nairobi, basi kliaringi, godauni, taniboi, hata yule muuza mahamri wa Changamwe, riziki yao yote imepanda treni hiyo. Mwaka 2022 Rais Ruto aliporudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa, nawe uliona ile barabara ilivyoanza kupata uhai.

Ila nisikudanganye. Hapa ukuli haukurudi. Albert Dock ilifunguliwa upya miaka ya 1980, miaka ya 1990 Ulaya ikamimina pesa mjini, na leo gati lenyewe ni makumbusho na mikahawa. Nilimpeleka mzee wangu huko, akaitazama bei ya chai, akasema enzi zake ingemlisha wiki. Hakuinywa. Tulikaa tu tukiangalia maji.

Basi rai yangu: kiwanja usiuze, na lori jingine usinunue. Wakodishie mafundi wa trela wale wanaochomelea kando ya barabara, wanahangaika kwa nafasi. Dalali mwambie kuna mwenye neno yuko safarini, anakuja baada ya Ramadhani.

Ada ya Salma naituma Ijumaa. Bibi mwambie viatu vyake nimevipata, nambari sita, vyeusi. Vya kahawia havikuwapo.

Mtoto wako