Betri yangu haikuchoka, ilichoshwa

Mhariri,

Mimi ni mama wa barafu na juisi ya ukwaju hapa Siyu, kisiwani Pate. Wauzaji wa betri za sola za lithiamu hutuambia, "Miaka kumi hutaigusa." Yangu niliigusa mwaka wa pili.

Ilikuja na mashua maji yalipojaa, ya ampea-saa 100. Niliishusha mwenyewe, ile ya asidi ya zamani ilihitaji punda. Fundi akaifunga pale pale ilipokuwa mwenzake, juu, chini ya mabati, akawahi mashua kabla maji hayajatoka. Chaji kontrola, kile kifaa kinachopima umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, aliiacha na mipangilio ya betri ya asidi.

Kosa ndilo hilo. Betri ya asidi ya kuongezwa maji kila baada ya muda hupandishwa hadi volti 15 na zaidi ili maji yake yachanganyike. Lithiamu ya volti 12 kama yangu ina seli nne, na mwisho wa kila moja ikijaa ni volti 3.65, yaani 14.6 kwa jumla. Ukipita hapo, saketi ya ulinzi iliyo ndani yake hukata. Kumbe ndiyo maana adhuhuri, jua likiwaka, inverta, kigeuza umeme wa betri uwe wa kuendeshea friza, ilikuwa ikilia na friza likanyamaza. Mimi nilishaanza kumshuku jini.

Tena paneli zangu nne za wati 200 zilikuwa zikisukuma hata ampea 50, kiwango cha mwisho kabisa inachokivumilia betri hiyo. Saa tano asubuhi imeshajaa, kisha inakaa imejaa vivyo hivyo kwenye joto la mabati hadi jioni. Lithiamu ikikaa imejaa kwenye joto huzeeka upesi. Ile mizunguko 4,000 ya kuchaji na kutumia iliyoandikwa kwenye kijitabu imehesabiwa kwa joto la nyuzi 25. Siyu nyuzi 25 tunazipata alfajiri, tena wakati wa kusi.

Haya nimeyajua kwa mpwa wangu aliye chuoni Mombasa, aliyenisomea kijitabu chenyewe: Kiingereza kitupu, herufi za kuchungulia. Akashusha chaji hadi ampea 20, akaweka kikomo cha volti 14.2. Betri tukaihamishia sakafuni, stoo ya ukuta wa mawe. Sasa hujaa taratibu mpaka alasiri, na inverta hailii tena. Lakini nguvu iliyokwisha potea haikurudi. Barafu zangu za mwisho bado huanza kulegea kabla ya adhana ya alfajiri.

Kwa wauzaji naomba karatasi moja tu ya Kiswahili: ampea ngapi, volti ngapi, iwekwe wapi. Hata pakiti ya maziwa imeandikwa ihifadhiwe wapi.

Na fundi wangu akiisoma barua hii, karibu. Chai ipo, ila aje na kipima volti.

Mama Barafu,
Siyu, Lamu